Maganda ya Kamba Ndani ya Maziwa

Dahabo alikuwa na mazoea ya kugonga kaunta yangu kwa mfuniko wa debe la maziwa, hata kama ananiona nimesimama mbele yake. Duka langu la dawa liko Garsen, kwenye delta ya mto, upande wa barabara ya kwenda Minjila, na kwa miaka minne yeye ndiye aliyeniletea maziwa kila asubuhi. Nilimwita Mama Jilo, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Yeye aliniita daktari, ingawa nilimweleza mara nyingi kwamba mimi si daktari, mimi ni Tamar wa Ngao, muuza dawa mwenye cheti cha chuo. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaniita daktari.

Niseme mapema kwamba sina upole. Mama yangu husema nilizaliwa nimenuna. Wateja wangu nawagombeza wanapokatiza dozi, wanapomeza dawa ya jirani, wanapofungua kidonge na kumpa ndama nusu. Wengine wananikimbia na kwenda kununua kwingine, halafu wanarudi. Ndiyo maana kisa hiki kinaniuma. Yule niliyemgombeza kuliko wote hakuwa amekosa chochote kwa hesabu za nyumbani kwake, na aliyestahili kugombezwa alikuwa mimi.

Dahabo ni mwanamke wa Kiorma, mrefu, mkavu, wa miaka kama hamsini na mitano. Ng'ombe saba wa maziwa walikuwa mikononi mwake, na ng'ombe hakamuliwi ukiwa umekaa kwenye sofa. Unachuchumaa, kibuyu kimebanwa mapajani, asubuhi na jioni, mvua na jua. Miaka arobaini ya kuchuchumaa ilikuwa imemharibia magoti. Akifika dukani alishika kaunta kwa mkono mmoja, akashuka kidogo, akapumzika, akashuka tena, mpaka debe likagusa sakafu. Goti la kushoto lilikuwa limevimba na lina joto ukiligusa.

“Magoti nalia,” aliniambia siku moja. “Kama mlango ya zamani.”

Dawa za kawaida za maumivu zilimchoma tumbo. Nilikuwa nimeletewa sanduku la pakiti za unga wa glukosamini, pakiti moja kwa siku, unakorogwa kwenye kinywaji. Nikaona huu unamfaa. Lakini kabla sijampa nilifanya kama nilivyofundishwa. Nilimuuliza kama kuna chakula chochote cha majini kinachomletea mwasho, kwa mfano kamba au kaa.

Alicheka mpaka akashika mbavu. “Daktari, mimi nakula wadudu?”

Hapo ikanibidi nimweleze, kwa sababu sipendi kumuuzia mtu kitu ambacho angekikataa kama angejua asili yake. Nilimwambia kwamba unga ule umetoka kwenye maganda ya kamba. Mimi kamba nawajua tangu utotoni. Mama yangu alikuwa akiwanunua Kipini, tunawamenya nyumbani, na maganda tunayamwaga shambani. Viwandani hawamwagi. Wanayakausha, wanayaosha kwa tindikali ili chokaa itoke, wanabaki na kitu kigumu kiitwacho kitini. Ukikipika kitini kwa magadi makali unapata kitosani, ambacho siku hizi wanakitia hata kwenye bandeji za vidonda. Ukikivunjavunja kitini kwa tindikali zaidi unapata sukari ndogo, ndiyo hiyo glukosamini. Na sukari hiyo mwili wako wenyewe unaitengeneza, ndiyo unayotumia kujengea gegedu, ile nyama laini iliyo kati ya mfupa na mfupa.

“Na uvimbe?” akauliza.

Nikamwambia ukweli kama ninavyoujua. Goti linapovimba, chembe za mwili zinaitana, njooni hapa kuna vita, na zinazidi kuitana hata vita vikiwa vimekwisha. Kwenye maabara, vitu hivi vya maganda vinaonekana kuzituliza hizo kelele. Kwa panya vinafanya vizuri. Kwa watu, wengine wanapata nafuu, wengine hawaoni tofauti yoyote, na wataalamu wanabishana mpaka leo. Nikamwambia ajaribu miezi miwili mitatu, asitarajie muujiza.

Aliutazama ule unga mweupe. “Ni haramu?”

“Kamba si haramu. Muulize sheikh wako. Ni desturi yenu tu wafugaji, kutokula vya baharini.”

“Desturi ni kubwa,” akasema, lakini akanyoosha mkono. Pakiti aliziweka chini kabisa ya kikapu, akazifunika na leso.

Kabla hajatoka nilimuuliza swali la mwisho, lile ambalo nimelirudia kichwani mara nyingi baadaye. Nilimuuliza kama anatumia dawa nyingine yoyote, ya presha, ya sukari, ya damu.

“Mimi? Hakuna.”

Ilikuwa kweli tupu. Nikaandika kwenye daftari langu kwamba mgonjwa hatumii dawa nyingine, nikajiona mtu makini sana.

Wiki zikapita. Kila asubuhi nilimuuliza magoti vipi, naye alijibu kwamba bado. Alishika kaunta vilevile, akashuka kwa vituo vilevile. Mimi na hasira zangu nikaamini kwamba anaruka siku. Alipokuja kuchukua sanduku la pili nilimsimamisha mbele ya wateja nikamsomea kama mtoto wa shule. Nilimwambia dawa haifanyi kazi ikikaa kwenye kikapu. Nilimwambia asikose hata siku moja. Aliinamisha kichwa, akasema sawa daktari, akaondoka na lile goti lake lenye joto.

Mwezi ule maji ya mafuriko yalikuwa yameanza kushuka, na mbu walikuwa wengi ajabu. Habari zilifika sokoni kwamba mbuzi wanatupa mimba upande wa Minjila. Wenye umri wetu tunakumbuka maana yake. Homa ya Bonde la Ufa ikiingia, mifugo inafungiwa, maziwa yanamwagwa, na watu wanatokwa damu puani na kinywani. Watu wa afya walipita na vipaza sauti wakisema mtu asinywe maziwa mabichi. Kila aliyekohoa alitazamwa vibaya.

Siku mbili Dahabo hakuja. Siku ya tatu aliingia mikono mitupu, hakugonga chochote, akasimama mbele ya kaunta na midomo yake imekauka.

“Daktari, ile unga,” akasema. “Natoa damu?”

“Damu gani? Unatokwa damu wapi, Mama Jilo?”

“Si mimi.”

Nilizunguka kaunta nikamkalisha kwenye benchi. Kidogo kidogo nikapata habari. Mumewe, Mzee Jatani, alikuwa amelazwa hospitalini tangu jana. Ufizi wake ulikuwa unavuja damu bila kukoma. Mkojo umekuwa kama chai ya rangi. Mikono imeota mabaka meusi kila alipoegemea. Levi, tabibu wa zamu, alimtazama, akauliza habari za mbuzi waliotupa mimba, na akamtia chumba cha peke yake. Wauguzi wakavaa glavu na aproni. Damu yake ilichukuliwa ikapelekwa Nairobi, na majibu yangechukua siku kadhaa.

“Na unga umeingiaje hapa?”

Dahabo alitazama mlango kwanza. Kisha akaniambia, polepole, kama mtu anayemweleza mgeni jambo ambalo hata mtoto analijua.

“Kwetu, kikombe ya kwanza ni ya mzee. Chochote kizuri nafika nyumbani, yeye kwanza. Yeye magoti yake ni mbaya kuliko yangu. Msikitini naswali juu ya kiti, nyuma ya watu, naona haya. Mimi nipone, yeye nalia? Mimi nitamwangalia na macho gani?”

“Ulimpa yeye.”

“Ndani ya maziwa. Yeye najua hapana. Kama najua ni wadudu ya bahari, natapika.”

“Siku ngapi?”

“Wewe nasema nisikose hata siku moja. Sikukosa.”

Nilimuuliza kama mzee anatumia dawa yoyote, na hata kabla hajajibu nilijua kwamba jibu litakuwa baya. Anatumia, akasema. Ile ya Malindi. Miaka miwili iliyopita damu ilimganda mguuni, mguu ukavimba kama gogo, na tangu hapo anameza vidonge vidogo vya rangi ya waridi ambavyo mwanawe Jilo anamletea kutoka huko Malindi. Kwangu hajawahi kuvinunua hata kimoja.

Vile ni warfarini. Dawa ya kuzuia damu kuganda, dawa ya kutembea nayo kama mtu aliyebeba yai. Ukizidisha kidogo, mtu anavuja. Na kuna watu ambao wameripotiwa kuvuja walipochanganya warfarini na glukosamini, si wengi, lakini wapo, na mimi niliyasoma hayo chuoni. Yameandikwa hata kwenye karatasi iliyo ndani ya sanduku, kwa herufi ndogo. Nilikuwa nimemuuliza mwanamke habari za mwili wake. Sikuuliza habari za nyumba yake. Mtu aliyekulia delta hii, aliyeuziana na Waorma maisha yake yote, nilikuwa sina kisingizio.

“Levi anajua kwamba mzee anameza vile vidonge?”

“Najua. Kadi nasoma. Yeye nasema, hii nakunywa miaka mbili, kipimo ya mwezi uliopita ni sawa, basi si hii.”

“Na hakuuliza kama ameongeza kitu kipya?”

Dahabo alifunika uso kwa ncha ya mtandio. “Naniuliza. Nuh alikuwa hapo, na wazee. Mimi nasema hapana.”

Nuh ni mdogo wake Jatani, mtu mwenye sauti kubwa na maneno machache. Akilini nilimwona Dahabo amesimama kwenye veranda ya hospitali, shemeji yake na wazee wamemzunguka, na tabibu anamuuliza amemlisha mume wake nini. Mimi pia huenda ningesema hapana.

Nitakiri kitu ambacho sikijivunii. Katika dakika ile sikumfikiria Mzee Jatani kwanza. Nilijifikiria mimi. Mpokomo wa jamii ya wakulima, mwanamke, muuza dawa, na mzee wa Kiorma amekufa kwa unga wa maganda ya kamba uliotoka kwenye rafu yangu. Sisi watu wa delta tunajua jinsi neno moja linavyotembea kutoka kijiji hadi kijiji, na tumewahi kuzika watu kwa sababu ya maneno. Niliona duka langu limefungwa. Niliona zaidi ya hapo.

Kisha nikafikiri jambo la pili, na hilo ndilo lililoniinua. Kama Levi anaamini ni homa ya Bonde la Ufa, basi anasubiri majibu ya Nairobi, na anapomsubirisha mzee, mzee anavuja. Dawa ya kukomesha kule kuvuja, vitamini K, ipo na ni ya bei rahisi, lakini hakuna atakayempa kama hajui anatibu nini. Nilimpigia Levi simu mara tatu. Iliita mpaka ikakatika. Bila shaka aliiacha nje ya kile chumba. Nikafunga duka mchana kweupe, wateja wawili wakiwa wamesimama mlangoni, nikamshika Dahabo mkono tukaenda.

Ni mwendo wa dakika kumi kwa mtu mwenye magoti mazima. Sisi tulichukua karibu nusu saa, au mimi ndivyo nilivyoona. Kila hatua alivuta pumzi kwa meno. Katikati ya njia alisimama.

“Daktari, sema hivi. Sema unga ni yangu, mzee nachukua yeye mwenyewe kwa makosa. Mara moja tu.”

Nilitamani kukubali. Uongo ule ulikuwa safi, ungetuokoa sote wawili, na hata mzee asingeona aibu kubwa. Nilikuwa nimeshaanza kuitikia kwa kichwa kwamba sawa. Lakini pakiti moja haimfikishi mtu pale alipokuwa. Levi si mjinga. Angesikia mara moja tu, angesema basi si hiyo, na angerudi kwenye homa yake.

“Haitoshi, Mama Jilo. Lazima ajue ni siku ngapi, na kwamba ilikuwa kila siku.”

“Watanifukuza.”

“Huenda.”

“Yeye hatakunywa maziwa ya mkono yangu tena.”

Nilimwambia tu kwamba asiponena, mzee hatakunywa ya mkono wa mtu yeyote. Nilisema kwa ukali kuliko nilivyotaka, ndivyo nilivyo nikiogopa. Akaanza kutembea tena, safari hii bila kunishika.

Nuh na wazee wawili walikuwa wamekaa kwenye veranda ya hospitali, viatu vimepangwa pembeni. Chumba alicholazwa Jatani kilikuwa mwisho kabisa, kina dirisha la wavu linalotazama hapo hapo verandani, na kitanda kilikuwa chini ya dirisha. Kupitia wavu niliona kitambaa kilichoshikwa kinywani, chekundu. Levi alitoka na aproni ya plastiki, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

“Tamar, rudi. Hapa haparuhusiwi watu.”

“Vitamini K mmempa?”

“Nimpe vitamini K ya nini? Huyu tunasubiri majibu. Ana mbuzi wanne waliotupa mimba.”

“Ana homa kali?”

Levi alisita. “Si kali. Wazee wakati mwingine hawapandi joto.”

“Mama Jilo ana neno,” nikasema.

Veranda nzima ikageuka. Dahabo alikuwa ameshika nguzo. Alinitazama mimi, na nikaelewa kwamba anataka nimsemee. Nilikuwa tayari. Nilifungua mdomo, na nakumbuka nilikuwa nimeanza kwa kusema kosa ni langu, alipoweka kiganja chake juu ya mkono wangu nikanyamaza. Hakumtazama Nuh. Alisogea mpaka dirishani, akashika wavu, akaongea na mumewe kwa Kiorma.

Kiorma nakisikia vya kutosha. Alimwambia kwamba siku thelathini na nane amekuwa akimtilia dawa ndani ya maziwa ya asubuhi. Alimwambia dawa hiyo alipewa yeye Dahabo kwa ajili ya magoti yake, na hakuwahi kuionja. Alisema imetengenezwa kwa maganda ya wadudu wa baharini, na kwamba alijua, na kwamba alimficha kwa sababu alijua. Sauti yake ilitetemeka mwanzoni lakini haikukatika. Kisha akageuka akamwambia Levi yote hayo tena kwa Kiswahili, na siku zile zile thelathini na nane.

“Wadudu?” akasema Nuh. Alikuwa amesimama. Alinigeukia mimi. “Ni wewe nampa?”

“Ni mimi,” nikasema. “Nilimpa mke wa ndugu yako, sikuuliza nyumbani kuna nani. Kosa ni hilo, na ni langu.”

Nilisubiri chochote kitakachokuja. Mzee mmoja alimshika Nuh shuka.

Levi alikuwa hatusikilizi tena. Alimuuliza Dahabo pakiti ilikuwa na uzito gani, nikajibu mimi. Akauliza kama mzee alikosa warfarini siku yoyote, Dahabo akasema hakukosa. Levi alifumba macho kidogo, akahesabu kitu kichwani, kisha akapiga kelele kuita muuguzi akimbie wodi ya akina mama. Vitamini K iliyokuwapo ilikuwa ile wanayochomwa watoto wachanga, chupa ndogondogo za kioo. Ilibidi wavunje kadhaa, moja baada ya nyingine, ili kufikisha dozi ya mtu mzima. Nilisimama pale nikisikia vichwa vya chupa vikikatika, nikihesabu, nikiomba zisiishe.

“Bado naweza kuwa nimekosea,” Levi aliniambia wakati akivua glavu. “Inaweza kuwa homa. Inaweza kuwa vyote viwili. Lakini hii siwezi kuisubiri. Anahitaji damu, na hapa hatuna. Anakwenda Malindi sasa hivi.”

Wakati gari la wagonjwa linageuzwa, Mzee Jatani aliongea kwa mara ya kwanza. Sauti ilitoka dirishani, nzito, yenye maji maji ya damu, kwa Kiorma.

“Nilikuwa nimekirudisha kile kiti cha msikiti,” alisema. “Nilisujudu chini, safu ya mbele. Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya magoti haya.”

Dahabo alikaa chini kwenye saruji, ghafla, bila vituo vyake vya kawaida. Alilia bila sauti. Mimi nilitazama viatu vya wazee vilivyopangwa pembeni kwa sababu sikuwa na pengine pa kutazama. Kwamba unga ule ulimsaidia kweli, au kwamba magoti yalituliza kelele zake yenyewe, sijui, na hakuna wa kunihakikishia. Najua tu kwamba mtu huyu alikuwa na wiki chache za furaha, na furaha hiyo ilikuwa inammaliza.

Walimtoa kwa machela. Alikuwa mzee mkubwa, lakini kwenye machela alionekana mwembamba, na yale mabaka meusi mikononi yalikuwa mengi kuliko nilivyofikiria. Dereva alisema nafasi ni ya jamaa mmoja tu. Nuh alikuwa ameshapanda, amekaa kwenye benchi la ndani, shuka ameikunja magotini. Hilo lilieleweka kwa kila mtu. Mwanamume mgonjwa anasindikizwa na ndugu yake, na baada ya yale yaliyosemwa verandani, hakuna aliyefikiria vingine. Dahabo alisimama mbali, karibu na ukuta, kama mtu asiye na mgonjwa pale.

Jatani aliinua mkono kidogo. Wabeba machela wakasimama.

“Nuh, shuka,” akasema.

Nuh alidhani hakusikia vizuri. Aliinama.

“Shuka. Dahabo apande. Huko wataniuliza nimekula nini, na anayejua ni yeye.”

Hakusema kwa upole. Hakusema kwa hasira pia. Alisema kama mtu anayepanga nani atatangulia na ng'ombe. Nuh akashuka. Dahabo alikuja akashika chuma cha mlango, akajaribu kuinua mguu, na lile goti la kushoto, ambalo halikuwa limeonja hata chembe ya ule unga, likakataa. Alijaribu mara ya pili. Nuh, bila kumtazama usoni, akampa bega, naye akaegemea akapanda.

Sikula vizuri siku mbili. Nilifungua duka, lakini kila kivuli kilichopita mlangoni nilikiona ni mtu anayeniletea habari mbaya. Nilikuwa nimeweka simu juu ya kaunta, nikaigeuza uso chini, nikaigeuza tena juu. Siku ya pili alasiri ikaita.

“Damu nasimama,” Dahabo akasema. “Tangu adhuhuri. Na ile homa, wanasema hapana, si hiyo.”

Nilikaa kwenye benchi. Nilimuuliza mzee anasemaje, kama anaongea naye.

“Kila sahani naletwa, naniuliza hii ndani iko nini. Hata uji. Hata maji.”

“Na wewe unamjibu nini?”

“Mimi namwambia yote,” akasema. “Halafu yeye nakunywa.”